Florida State: kutoka 13-0 mpaka 2-10 ndani ya mwaka mmoja, nani kaiua hii timu?

#1 Mpiga_Yadi

Wakuu salaam. Najua humu wengi ni watu wa soka na mpira wa Kimarekani mnauona kama watu wanagongana vichwa tu, ila tunaoufuatilia naomba tuje tulijadili hili maana mimi limenikaa rohoni tangu 2023 na halijatoka.

Florida State (FSU) 2023 walicheza mechi 13 wakashinda zote 13, na ubingwa wa ligi yao ya ACC wakabeba. Tarehe 3 Desemba kamati ikakaa kuchagua timu 4 za kugombea ubingwa wa taifa, ikachagua Michigan, Washington, Texas na Alabama. Texas alishafungwa mara moja, Alabama alishafungwa mara moja. FSU ambaye hajafungwa na mtu akawekwa wa 5! Bingwa wa ligi kubwa, hajapoteza hata moja, kuachwa nje ya mchujo wa timu 4 ilikuwa haijawahi kutokea, na haitatokea tena maana mwaka uliofuata mchujo ukawa wa timu 12.

Sasa njoo 2024. Kocha yuleyule Mike Norvell, mji uleule Tallahassee, mechi 12 kashinda 2. Mbili wakuu.

Hoja yangu ni kwamba hii timu haikufia uwanjani 2024, iliuliwa mezani ile tarehe 3 Desemba. Vijana walifanya kila walichoambiwa afu wakaambiwa haitoshi. Kijana ukishamvunja hivyo humrudishi. Karibuni.

#2 Kichwa_Ngumu

Nimewahi siti ya mbele na chai yangu. Ila mkuu kabla hujaenda mbali, hii ni timu ya chuo? Wanafunzi wenye madaftari? Ndo umekosa usingizi miaka yote hii?

#3 Jirani_wa_Doak

Kichwa_Ngumu usiseme hivyo ndugu yangu. Mimi nimesoma Tallahassee, mji wenyewe una watu kama laki 2 hivi, na uwanja wa Doak Campbell ulikuwa unaingiza karibu elfu 80. Siku ya mechi ukitoka nyumbani saa 2 asubuhi kununua mkate unakuta watu wameshawasha majiko kwenye maegesho, moshi wa nyama mpaka mtaa wa tatu. Kabla mpira haujaanza anatoka kijana juu ya farasi anaitwa Renegade, ameshika mkuki unawaka moto, anakuja mbio mpaka katikati ya uwanja anauchoma chini. Kabila la Seminole wa Florida wenyewe ndo wametoa ridhaa jina na ile desturi vitumike. Mara ya kwanza kuona nilisimama nywele zimenisimama na wala sheria za mchezo nilikuwa sizijui.

Mpiga_Yadi nakuheshimu ila nakupinga. Hii timu ilikufa tarehe 18 Novemba 2023, wiki mbili kabla ya hiyo kamati yako. Nilikuwepo. Mechi rahisi kabisa na North Alabama, wale wadogo wakatuanza 13-0 tukawa tunacheka tu maana tunajua watapigwa. Robo ya kwanza kwotabeki wetu Jordan Travis akakimbia na mpira mwenyewe, akakamatwa kwa nyuma, akadondokewa. Mguu wa kushoto. Watu elfu na maelfu pale lakini ulikuwa unasikia mtoto analia safu ya juu. Jirani yangu wa kiti, mzee wa miaka 70 na kitu, akavua kofia akaishika kifuani kama yuko msibani. Tulishinda 58-13 na hakuna aliyeshangilia kurudi nyumbani.

#4 Hesabu_Kwanza

#3 kasema kweli. Naongeza tu kwamba baada ya 13-0 hao North Alabama hawakupata tena hata pointi moja, 58 zote zilikuja mfululizo.

#5 Bint_Chuda

Nitasema lisilopendwa. Kamati ilikuwa sahihi.

Baada ya Travis kuumia wakacheza na Florida kwa kutumia kwotabeki wa akiba Tate Rodemaker, wakashinda 24-15, sawa. Rodemaker naye akagongwa kichwa. Fainali ya ACC dhidi ya Louisville ikabidi aanze Brock Glenn, mtoto wa mwaka wa kwanza: pasi 21, zilizofika 8, yadi 55. Mechi nzima yadi 55! Walishinda 16-6 kwa sababu mabeki walikataa kufa. Sasa wewe kamati unaombwa upeleke timu 4 bora, unapelekaje hiyo kwa Michigan? Na Orange Bowl ikaja kuthibitisha, Georgia 63, FSU 3. Hakuna mechi ya boli (zile za mwaliko za mwisho wa msimu) iliyowahi kuisha kwa tofauti kubwa kama hiyo.

#6 Mpiga_Yadi

> Bint_Chuda: Orange Bowl ikaja kuthibitisha

Dada hapo naomba nikukatalie kabisa. Waliocheza Orange Bowl sio waliokwenda 13-0. Zaidi ya wachezaji 20 hawakuvaa jezi siku ile, wengine wanajilinda kwa ajili ya drafti ya NFL (siku timu za kulipwa zinapochagua wachezaji wa vyuo), wengine majeruhi, wengine wameshaingia potali ya uhamisho (orodha ya wanaotaka kuhamia chuo kingine). Hao watu wangekuwa wanagombea ubingwa wa taifa unadhani wangekaa pembeni? Ile 63-3 ni matokeo ya maamuzi ya kamati, sio ushahidi wa kamati. Unamnyima mtu chakula wiki nzima afu unasema mnaona, hana nguvu.

Na Travis mwenyewe aliandika siku ile kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi msimuni ili watu waone timu ni zaidi ya kwotabeki. Kijana yuko na chuma mguuni anaomba msamaha kwa kuumia! Niliposoma nilizima simu.

#7 Kichwa_Ngumu

Kwotabeki ndo nani sasa

#8 Hesabu_Kwanza

Ndo mshika usukani mkuu. Kila shambulizi linaanzia mikononi mwake, anaamua atupe, ampe mwenzake au akimbie mwenyewe. Akiwa mbovu hata uwe na mawinga kama upepo hawapati mpira.

#9 MamaWawili_TX

Hamjambo. Ngoja niseme langu nikitoka zamu.

Mnabishana mguu na kamati lakini hakuna aliyeuliza hii timu ya 2023 ilitoka wapi. Hawakuilea, waliikusanya. Keon Coleman alitoka Michigan State. Trey Benson alitoka Oregon. Johnny Wilson alitoka Arizona State, Braden Fiske Western Michigan, Jaheim Bell South Carolina, Jared Verse alitoka Alabama kama sikosei. Hata huyo Travis wenu alianzia Louisville. Ukimtoa Travis aliyekaa zaidi, hawa wote walikuja kwa potali, wamekaa mwaka mmoja, miwili, wakaondoka pamoja kama basi limefika kituo cha mwisho.

Nawaambia hili kwa sababu nimeliishi. Mimi ni nesi, niliwahi kufanya kwenye wodi moja ambayo karibu nusu yetu tulikuwa manesi wa mkataba wa wiki 13. Wodi ilikuwa inakimbia kama saa, tuna uzoefu, tunajua kazi, wagonjwa wanasifia mpaka uongozi ukapewa tuzo ya ndani. Kumbe wale wasichana wapya wa kuajiriwa hakuna aliyekuwa anawafundisha, maana sisi tulikuwa tunafanya haraka wenyewe. Mikataba ikaisha mwezi mmoja, tukaondoka 9. Aliyebaki kuongoza zamu ya usiku alikuwa na miezi 5 kazini. Aliniandikia saa 9 usiku kuniuliza dripu fulani inachanganywaje. Hiyo ndo FSU ya 2024. Brock Glenn ni yule binti.

#10 Hesabu_Kwanza

Dada hoja nzito sana hii. Marekebisho madogo tu, Verse hakutoka Alabama, alitoka Albany, kachuo ka daraja la chini kule New York. Ndo maana habari yake tamu, katoka huko akaja kuchaguliwa wa 19 drafti nzima na Rams.

Na jumla ya waliochukuliwa drafti ya 2024 kutoka FSU ni 10. Verse, Coleman, Fiske, Renardo Green, Benson, Jarrian Jones, Travis, Wilson, Bell na Tatum Bethune.

#11 MamaWawili_TX

Ahsante kwa kunirekebisha, Albany na Alabama zimenichanganya. Kumi wote hao mara moja, halafu mnatafuta mchawi.

#12 Mkosoaji_Mkuu

Mchawi yupo na ana mkataba.

Fuateni tarehe wakuu. Januari 10, 2024 kocha Nick Saban anatangaza kustaafu Alabama. Siku hizohizo jina la Norvell linatajwa sana kwenda kumrithi. FSU wakaogopa wakampa mkataba mpya mpaka 2031, zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Mtu ametoka kufungwa 63-3 wiki mbili nyuma anapewa mkataba wa maisha! Tangu hapo njaa ikaisha. Akachukua kwotabeki wa kuazima, DJ Uiagalelei, aliyeshapita Clemson na Oregon State, akadhani basi ataziba pengo la Travis. Wapokeaji akaenda kuokota waliokosa namba kwingine. Nov 2024 wakapigwa 52-3 na Notre Dame, kesho yake wakafukuzwa wasaidizi: wa mashambulizi, wa ulinzi na wa wapokeaji. Mwenye mkataba akabaki, maana kumfukuza ingegharimu zaidi ya dola milioni 60.

#13 Kichwa_Ngumu

SIJAELEWA. Milioni 60 za dola kumfukuza mwalimu wa michezo wa chuo?

#14 Mkosoaji_Mkuu

Umeelewa vizuri sana. Na sio kubwa kuliko zote, Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher Nov 2023 kwa zaidi ya dola milioni 75. Huyo Jimbo ndo alikuwa kocha wa FSU walipochukua ubingwa wa 2013.

#15 Jirani_wa_Doak

Mkosoaji usimwonee Norvell. Wakati anakuja Desemba 2019 hapo palikuwa magofu. Mwaka wa kwanza 3-6, wa pili 5-7, tulifungwa na Jacksonville State kwa pasi ya mwisho kabisa ya mchezo, nyumbani, timu ya daraja la chini. Watu walitaka aondoke. Akatulia akajenga, 2022 akaenda 10-3, 2023 yakaja hayo ya 13-0. Mtu mvivu hafanyi hivyo. Na baada ya 2-10 alikubali kuacha dola milioni 4.5 za mshahara wake ziende kwenye programu. Nitajie wangapi wanaofanya hivyo.

#16 Mkosoaji_Mkuu

4.5 kwenye zaidi ya 10 bado zinabaki nyingi za kununua kwotabeki, mzee.

#17 Kaka_wa_Uvira

Bandugu mimi sijui mambo ya mikataba lakini mtoto wangu anacheza huu mchezo high school hapa Iowa, mwaka wa tatu sasa, na anacheza ile safu ya mbele, ile ya watoto wakubwa wenye hawagusi mpira kabisa. Tulipofika tulitaka acheze soka kama baba yake. Kocha wao alimwona tu mlangoni akasema huyu ni wangu.

Jioni akirudi ananionyesha vidole. Vimefungwa plasta vyote kumi, ukitoa plasta ngozi inatoka nayo. Anakula mayai manane asubuhi. Na Jumamosi tunakaa wote tunaangalia vyuo, mimi naangalia mpira, yeye haangalii mpira hata siku moja, anaangalia miguu ya wale watano wa mbele. Mwaka ule 2024 tuliangalia Florida State na Memphis, ile ya 20-12. Nikamuuliza shida ni kwotabeki? Akasema papa hapana, angalia, huyu wa kushoto anarudi nyuma kabla hajagongwa. Akarudisha nyuma akanionyesha mara tatu. Anasema kwotabeki anahesabu moja, mbili, tayari yuko chini. Akasema hata ungemweka Travis pale angevunjika mguu wa pili.

Kwa hiyo mimi nashika maneno ya mtoto wangu. Shida ilikuwa mbele.

#18 Hesabu_Kwanza

Kaka wa Uvira mpe hongera kijana, ameona kitu ambacho wengi tunaangalia miaka hatukioni.

Jana usiku nimekaa na kalamu nikajumlisha pointi zao za 2024 mechi kwa mechi. Georgia Tech 21, Boston College 13, Memphis 12, Cal 14, SMU 16, Clemson 13, Duke 16, Miami 14, North Carolina 11, Notre Dame 3, Charleston Southern 41, Florida 11. Jumla 185, wastani 15.4. Msimu wa 2023 kwa mechi 14 pamoja na ile Orange Bowl ni pointi 484, wastani 34.6. Zaidi ya nusu imepotea.

Ila iangalieni hiyo orodha vizuri. Toa Charleston Southern ambao ni daraja la chini. Pointi nyingi walizofunga msimu mzima dhidi ya timu za ngazi yao ni 21, tena mechi ya kwanza kabisa. Hawakufika tena hapo. Mwezi wa 8 ndo walikuwa bora kuliko walivyokuwa mwezi wa 11. Timu inatakiwa ikue na msimu, hii ilikuwa inanyauka.

#19 Msela_wa_Dublin

Wasee, hiyo mechi ya 21 nilikuwa ndani! Mimi ni Mkenya niko Dublin, siku hiyo nilikuwa kazi ya kuuza vinywaji pale Aviva, 24 August. Kuna mtu hapo juu amesema mji uleule Tallahassee lakini msimu wa 2024 ulianzia huku Ireland.

Waamerika walijaa mji wiki mzima. FSU walikuwa nambari 10 nchini kwao na Georgia Tech hawakuwa hata kwa orodha. Sijui huu mchezo sana lakini kuuza vinywaji kunakufundisha kusoma watu. Wale wa nguo za damu ya mzee na dhahabu walikuja wakiwa wameshashinda. Wananunua nne nne, wanapiga ile wimbo yao na mkono unakata hewa. Half-time wananunua mbili. Robo ya nne hakuna mtu anakuja kwa counter, mimi mwenyewe nikasogea mlangoni nione. 21-21, sekunde zinaisha, jamaa wa Georgia Tech akapiga teke la yadi 44 ikapita katikati. 24-21, mchezo umeisha hapo hapo. Kuna mzee alikuwa amelipa, amepokea glasi, akaiweka kwa counter imejaa akatoka. Hakuonja.

Kwangu mimi safari ndio iliwamaliza. Unatoa watoto Florida unawavusha bahari wiki ya kwanza, wanarudi wamefungwa, siku 9 baadaye wanacheza tena. Wakapigwa na Boston College 28-13 kwao nyumbani. Hapo kichwa kimeshaenda.

#20 Bint_Chuda

Lakini Georgia Tech nao walivuka bahari ileile, na ndege sijui kama ilikuwa tofauti 😀

#21 Msela_wa_Dublin

Hapo umenishika dada. Lakini kushinda kunapunguza jet lag, wacha nikuambie.

#22 Wakili_wa_Mtaani

Mbona hakuna anayetaja kesi? Tarehe 22 Desemba 2023, siku 19 baada ya kamati, chuo kikafungua kesi dhidi ya ligi yake yenyewe ACC mahakama ya kaunti ya Leon. Hoja yao ilikuwa haki za televisheni zimefungwa mpaka 2036 na gharama ya kutoka ni zaidi ya nusu bilioni ya dola ukijumlisha kila kitu. ACC nayo ilishawashtaki siku moja kabla. Ikaendelea mwaka mzima wa 2024 na zaidi, wakaja kupatana Machi 2025. Yaani msimu mzima wa 2-10 timu inacheza kwenye ligi ambayo uongozi wake unaishtaki. Mimi nimeshafanya kazi sehemu ambayo wakurugenzi wawili wako mahakamani, nawaambia mpaka mlinzi wa getini anajua na hafungui geti kwa moyo.

#23 Mpiga_Yadi

Wakili na hiyo kesi chanzo chake nini? Kamati! Mnazunguka mnarudi palepale. Waliopigiwa drafti wangeondoka hata hivyo nakubali. Lakini mkataba wa haraka wa Norvell, kesi, kijana kukata tamaa, vyote vinaanzia tarehe 3 Desemba.

#24 Hesabu_Kwanza

Mkuu kesi ilikuwa inaandaliwa kabla, malalamiko ya pesa za televisheni FSU walianza kuyasema hadharani kabla hata msimu wa 2023 haujaanza. Kamati iliwasha tu kiberiti, petroli ilikuwepo.

Na mimi nina yangu ambayo sijaisema. Bahati. 2023 walishinda Boston College 31-29 baada ya kuongoza 31-10. Wakaenda Clemson, dakika za mwisho sare, mpigaji wa Clemson akakosa teke la yadi 29, FSU wakashinda 31-24 muda wa nyongeza. Hizo mbili zikienda upande mwingine ni 11-2 na hatuna uzi. 2024 geuza: Georgia Tech pointi 3, Duke 23-16 pointi 7, Memphis pointi 8. Hizo tatu wakizipata ni 5-7, mbaya lakini sio msiba. Timu halisi ilikuwa katikati, sarafu ikaangukia upande mmoja mwaka mzima afu ikaangukia wa pili mwaka mzima.

#25 Jirani_wa_Doak

Hiyo ya Duke usiitaje kwa haraka. FSU hawakuwahi kufungwa na Duke tangu dunia iumbwe. Mechi 22, 22-0. Ile ya Oktoba 2024 ndo Duke wamepata ya kwanza. Sarafu gani hiyo?

#26 Kichwa_Ngumu

Mimi nimesoma wote mpaka chai imepoa. Swali la mgeni: Chelsea alichukua ubingwa 2015 msimu uliofuata akamaliza wa 10. Leicester bingwa 2016, mwaka unaofuata wa 12. Kwetu huwa tunasema wachezaji wamemchoka kocha. Huku haiwezekani?

#27 Bint_Chuda

Inawezekana ila tofauti ni kwamba Chelsea alibaki na wachezaji karibu walewale. Huku waliomchoka na waliompenda wote wanaondoka, wengine kwa drafti, wengine potali, wengine wamemaliza miaka yao. Kila Januari unaanza na sura mpya nusu ya chumba. Ndo maana nashikilia kwamba MamaWawili yuko karibu na ukweli kuliko wote, japo la kamati sirudi nyuma.

#28 Jirani_wa_Doak

Kwa wasiojua, Travis alichaguliwa na Jets raundi ya 5, hakuwahi kucheza hata mechi moja. Aprili 2025 akatangaza anaacha mpira, mguu haujapona. Nimeona hapo juu tunamtaja kama hoja tu. Huyu ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Mimi nilivunjika mguu kwa pikipiki Morogoro 2011, sehemu karibu ileile, na mvua ikitaka kunyesha najua kabla ya redio. Nilikuwa sichezi mpira kwa mkate.

#29 Kaka_wa_Uvira

Mungu amsaidie. Mke wangu kila Ijumaa hakai kwenye kiti mechi nzima.

#30 Mkosoaji_Mkuu

Poleni kwa hayo. Lakini kwenye hoja: 2025 kocha wenu aliletewa msaidizi mpya wa mashambulizi Gus Malzahn, kwotabeki mpya Tommy Castellanos, mechi ya kwanza wakampiga Alabama 31-17 Tallahassee, watu wakamwagika uwanjani, wakasema tumerudi. Msimu ukaisha 5-7. Kamati ilihusika hapo pia? Mguu wa Travis? Dublin? Kila kitu kimebadilishwa isipokuwa mtu mmoja.

#31 Mpiga_Yadi

5 ni zaidi ya 2 mara mbili na nusu mkuu. Na kumbuka baada ya 0-11 ya 1973 na 1-10 ya 1974 chuo hiki kilikuja kumpata Bobby Bowden 1976, akaja kumaliza ndani ya 5 bora nchini misimu 14 mfululizo, 1987 mpaka 2000, na makombe ya 1993 na 1999 ndani yake. Sisi tunasubiri.

#32 MamaWawili_TX

Bowden alikuwa analea watoto miaka minne, mitano. Leo akimlea mwaka mmoja jirani anakuja na hela anamchukua. Tangu Julai 2021 waruhusiwe kulipwa kwa majina yao, huo ulezi utautoa wapi?

#33 Jirani_wa_Doak

Kuna moja nilikuwa nasubiri mtu aitaje hamjaitaja. Uwanja! 2024 upande mzima wa magharibi ulikuwa umebomolewa kwa ukarabati, kutoka karibu elfu 80 tukabaki kama elfu 55. Nilienda mechi ya Clemson. Ile sauti ilikuwa inatoka huku inagonga kule inarudi, siku ile ilikuwa inatoka inapotelea. Unapiga kelele unajisikia mwenyewe. Mgeni akija alikuwa anashindwa kusikia namba za kwotabeki wake, siku ile Clemson walikuwa wanaongea kama wako sebuleni.

#34 Hesabu_Kwanza

Nimeikagua hiyo mzee. Nyumbani 2024 walicheza 7 wakafungwa 5. Nje ya Tallahassee ukihesabu na Dublin walicheza 5 wakafungwa zote 5. Yaani huo ushindi wao wote wawili, Cal 14-9 na Charleston Southern, waliupata mbele ya huo ukuta uliobomolewa.

#35 Jirani_wa_Doak

Ya Cal nilikuwepo pia. 14-9, watu wanalia kama tumechukua kombe. Sasa fikiria ukuta ungekuwepo.